Ikifika Tambarare Inazima

Gari la petroli la zamani likizima barabarani, boneti haijafunguliwa vizuri majibu yameshatolewa. Wa kwanza anasema ni plagi. Wa pili anasema mafuta yana maji. Wa tatu, ambaye kaka yake aliwahi kuwa na gari la namna hiyo, anasema koili, na duka inapouzwa analijua. Yeyote kati yao anaweza kuwa sahihi, maana vitu vyote walivyovitaja huharibika kweli. Ila hakuna aliyekagua kitu.

Fundi umeme ninayetaka kumsifu hapa anafanyia kazi Korogwe, chini ya mabati machache yaliyopigiliwa kwenye nguzo, pamoja na mwembe ambao magari yanayosubiri hugombea kivuli chake. Ukimletea gari hafungui boneti. Anaanza kuuliza, na dereva mwenye haraka huona anapotezewa muda. Linazima ghafla au linakohoa kwanza? Likiwa la baridi au likishapata moto? Taa za dashibodi zinabaki au zinakufa pamoja na injini? Ukiliacha robo saa linawaka? Mvua ilinyesha? Nani alilishika mara ya mwisho, na alibadilisha nini?

Swali hilo la mwisho ndilo analolipa uzito kuliko yote, lakini kila moja lina kazi yake. Injini inayokatika ghafla kwa kawaida imekosa cheche. Inayovuta na kuachia, ikikohoa kabla ya kufa, mara nyingi imekosa mafuta. Inayokufa ikipata moto na kuwaka tena ikipoa inamfanya aishuku koili, kwa kuwa waya mwembamba ulioviringwa ndani yake hutanuka kwa joto, na ukiwa na ufa hutengana. Taa za dashibodi zikifa pamoja na injini, distributa haina kesi: ubovu uko nyuma zaidi, kwenye betri, swichi au waya mkuu. Dereva anapomaliza kujibu, nusu ya gari imeshaachiwa huru na hakuna spana iliyoguswa.

Mfumo wenyewe wa cheche ni mkongwe. Charles Kettering, mhandisi wa Dayton, Ohio, aliufikisha kwenye magari ya Cadillac karibu mwaka 1910, na kwa zaidi ya nusu karne baadaye viwanda vya dunia nzima viliendelea kuutumia bila kuubadilisha sana. Betri inatoa volti 12. Umeme unapita kwenye swichi, unaingia kwenye koili, unatoka kwenda kwenye distributa, unavuka pointi mbili zilizogusana, kisha unarudi kwenye betri kwa kupitia bodi ya gari. Pointi zikiwa zimegusana koili inajaa usumaku. Shafti ikizunguka, nundu zake huziachanisha pointi. Usumaku unaanguka ghafla, na anguko hilo linazaa maelfu ya volti katika waya wa pili wa koili, elfu ishirini na hata kupita. Rota inaupokea umeme huo na kuugawia plagi kwa zamu: ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili. Katika injini ya silinda nne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi hufunguka mara 100 kila sekunde, na mwanya wenyewe ni wa milimita 0.40 hivi.

Akitoa kofia ya distributa, fundi huyu hukaa kwanza akitazama, mikono iko mgongoni. Uso wa pointi ukiwa na rangi ya kijivu hafifu, safi, mambo ni mazuri. Ukiwa na kishimo upande mmoja na kipele upande wa pili, anaigeukia kondensa, kile kichupa cha bati kinachomeza umeme unaotaka kuruka pale pointi zinapoachana. Kondensa ikifa, cheche kali inaonekana kwenye pointi na cheche dhaifu ya manjano inakwenda kwenye plagi, wakati mambo yanatakiwa kuwa kinyume. Kisha anaigeuza kofia kwenye mwanga wa jua akitafuta ufa mweusi, mwembamba kama mstari wa penseli, unaotoka nguzo moja hadi nyingine. Ufa huo ni njia iliyochomwa na umeme wenyewe, na mara ukishapita hapo hautaki tena kwenda kwenye plagi. Magari yanayovuka mito bila daraja hupata ugonjwa huu kwa urahisi. Kuna jioni huliacha gari lisubiri mpaka giza liingie, aliwashe, na aangalie waya za plagi zikitoa vimuli vya buluu mahali mpira wake ulipochoka. Hakuna kipimo cha duka kinachoonyesha jambo hilo kwa uwazi namna hiyo.

Kuhusu vipimo, anayo mita ya kidijitali, na anaitumia kwenye betri na koili. Betri iliyojaa na kutulia humpa volti 12.6 hivi, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Injini ikiwaka anataka kuona kati ya 13.8 na 14.4, vinginevyo alteneta haichaji. Lakini umeme ukipotea njiani anaweka mita pembeni na kuchukua balbu. Anazo mbili, kila moja ina soketi, waya mrefu wenye klipu, na msumari ulionolewa wa kuchomea. Moja ni ya wati 5, ya taa ndogo za pembeni. Nyingine ni ya indiketa, ya wati 21.

Nilimwuliza kwa nini anajisumbua na balbu wakati mita iko mfukoni. Hakunijibu kwa maneno. Alinionyesha kiungo cha waya wa taa kubwa kilichokuwa kimeota kutu ya kijani, akaweka mita: volti 12 kamili. Akaweka balbu ya indiketa mahali palepale: ikatoa wekundu hafifu, nyuzi zake zikihesabika. Mita haili umeme wowote wa maana, kwa hiyo hata njia iliyooza inatosha kuishibisha. Balbu inadai kazi. Ndogo inamwambia kama umeme umefika, kubwa inamwambia kama umeme uliofika una nguvu. Nimewaona mafundi wenye mashine za bei mbaya wakizunguka siku nzima nje ya tofauti hiyo.

Balbu ndogo ndiyo anayoipeleka kwenye koili. Koili za zamani za kiwanda cha Lucas zina herufi: SW upande wa swichi, CB upande wa distributa. Anafungua swichi na kugusa upande wa SW. Balbu ikiwaka, betri, swichi na waya wa kuja hapo vimeachiwa huru. Anahamia CB na kumwambia mtu apige stata. Hapo balbu ina majibu matatu. Ikiwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, pointi zinafanya kazi yake na ubovu uko mbele, kwenye waya mkubwa wa koili, rota, kofia au plagi. Ikibaki giza, ama waya wa koili umekatika ndani, ama umeme unavujia kwenye bodi kabla haujafika kwenye pointi, ama pointi hazifunguki kabisa. Ikibaki inawaka tu bila kupepesa, umeme umefika lakini haupati njia ya kurudi nyumbani: pointi hazigusani, au zinagusana zikiwa na uchafu, au kuna waya uliokatika baada yake. Ukaguzi wote unachukua muda mfupi kuliko kufungua plagi moja.

Njia ya kurudi nyumbani, yaani ethi, ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu haina waya wa kutazama. Ni chesisi, ni bodi, ni bolti. Injini imekalia mipira, na mpira haupitishi umeme, kwa hiyo lazima pawe na mkanda wa shaba unaoiunganisha na chesisi. Mkanda huo ukiachwa wazi siku gia boksi iliposhushwa, au ukibanwa juu ya rangi, stata inayodai ampea zaidi ya mia moja hutafuta upenyo mwingine. Nimeona waya wa choki uliogeuzwa njia ya ethi: ulipata moto hadi plastiki yake ikayeyuka, na mwenye gari alikuwa ameshanunua betri mpya. Fundi huweka mita kati ya nguzo hasi ya betri na chuma cha injini, stata ikipigwa. Ikisoma zaidi ya nusu volti, mkanda au bolti zake hazifai. Ukiwasha indiketa na taa ya nyuma nayo ikaanza kupepesa, mkosaji ni huyohuyo, ila kwa upande wa taa: ethi imeliwa na kutu, na umeme wa indiketa unarudi kwa kupitia balbu ya jirani.

Waingereza wana utani wa zamani wa kumwita Joseph Lucas, mwenye kiwanda cha vifaa vya umeme kule Birmingham, Mfalme wa Giza. Utani ni mtamu, lakini naona amesingiziwa kwa sehemu kubwa. Waya za Land Rover, gari lililofungwa vifaa vyake, zilipotoka kiwandani zilikuwa na mpangilio unaosomeka. Kahawia ni umeme wa betri usiopita kwenye swichi. Nyeupe ni ule unaoamka swichi ikifunguliwa. Kijani ni uliotoka hapo ukapita kwenye fyuzi. Buluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo, nyeusi ni ethi. Nyeupe yenye mstari mweusi ni ile inayotoka kwenye koili kwenda kwenye distributa. Giza limeletwa zaidi na mikono iliyofuata: waya mmoja mwekundu uliopelekwa kila mahali kwa sababu duka lilikuwa na rangi hiyo tu, viungo vilivyosokotwa kwa vidole na kufungwa kwa mpira wa tyubu, fyuzi iliyovishwa karatasi ya pakiti ya sigara. Na kuna mtego mwingine kwa wanaokimbilia kazi: Land Rover za kabla ya mwaka 1967 hivi zilifungwa chanya kwenye chesisi. Anayeunganisha redio bila kutazama betri huinunua tena redio hiyo.

Sasa nifike kwenye gari lililonifanya nimheshimu kabisa mtu huyu. Lilikuwa Land Rover Series III ya petroli, injini ya lita 2.25, inayopakia kabichi na viazi kutoka Lushoto. Aliyeileta alikuwa kijana wa Kisambaa, amechoka na amekasirika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Inasumbua nini?"

"Mzee, hii gari sasa inanitia wazimu. Kupanda Lushoto na mzigo, haina neno. Kushuka, haina neno. Nikishapita Mombo tu, ikifika tambarare inazima. Nikitoa mguu kwenye mafuta inashika tena. Nikikanyaga kidogo, inakata."

Alikuwa ameshabadilisha pampu ya mafuta. Kabureta ilikuwa imefunguliwa na kusafishwa mara kadhaa. Plagi zilikuwa mpya, koili mpya, kondensa mpya. Kila fundi aliyeishika aliiwasha, akaisikiliza ikinguruma vizuri kwenye sailensa, bila mafuta kukanyagwa, na kuamua kuwa ni mafuta, kwa kuwa inakata ukikanyaga na kurudi ukiachia.

Mzee alirudia polepole: kupanda haizimi, kushuka haizimi, tambarare inazima. Kisha aliuliza swali moja tu: inakata ghafla au inakohoa? Ghafla. Akacheka kidogo, akavuta stuli.

Injini iliyokosa mafuta ingekufa kwanza mlimani, mahali inapoyahitaji zaidi. Hii ilikuwa inakata inapofanya kazi nyepesi. Ni nini basi kinachotokea tambarare na kisichotokea mlimani? Ubavuni mwa distributa kuna kisahani cha bati chenye mpira ndani, kimeunganishwa na kabureta kwa bomba jembamba. Mafundi hukiita vakyumu. Dereva akikanyaga mafuta kidogo na kwenda mwendo wa raha, mvuto wa hewa kwenye bomba huwa mkubwa; kisahani kinavuta sahani iliyobeba pointi na kuiwahisha cheche ili petroli iungue vizuri. Akikanyaga mpaka chini mlimani, mvuto unapungua na sahani inarudi. Akiachia mafuta kwenye mteremko, au injini ikiwa kwenye sailensa, mvuto hauifikii kabisa, kwa kuwa tundu la bomba liko upande wa pili wa mlango wa kabureta uliofungwa. Ndiyo maana gari lilikuwa zima kila lilipofika gereji.

Aliwasha injini. Akachomoa bomba upande wa kabureta, akafuta ncha yake kwa shati, akaiweka mdomoni na kunyonya. Injini yenye afya ukiifanyia hivyo kwenye sailensa hupandisha mlio kidogo. Ile ilikata palepale. Akaachia, kijana akapiga stata, ikawaka. Akanyonya, ikakata. Kijana alifungua mdomo akaufunga.

Wengine wangeishia hapo na kununua distributa nzima. Yeye alitaka kujua ni kitu gani hasa. Alitoa kofia, akachomeka hendeli mbele na kuizungusha injini kwa mkono mpaka pointi zikafunga kabisa, akaniita nizione kwa macho yangu. Swichi ikafunguliwa. Balbu ndogo kwenye upande wa CB wa koili: giza, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa umeme ulikuwa unapita kwenye pointi kwenda nyumbani. Akanyonya bomba. Sahani ilisogea kidogo. Pointi zilibaki zimegusana, nilikuwa nazitazama. Balbu ikawaka.

Ndani ya distributa kuna waya mfupi mwororo unaotoka ukingoni kwenda kwenye pointi, na lazima ucheze kila sahani inaposogea. Kwa macho ulikuwa mzima, ganda lake halina hata mkwaruzo. Aliushika kwa ncha za vidole, akauvuta kidogo, ukarefuka, kitu ambacho waya wa shaba haufanyi. Nyuzi zote zilikuwa zimekatika ndani ya ganda, kwa miaka ya kupindwa mahali pamoja. Sahani ikiwa imetulia ncha ziligusana; sahani ikivutwa ziliachana. Land Rover hii ilikuwa imefunguliwa tumbo na kushonwa tena kwa ajili ya waya usiofika urefu wa kidole.

Kuutengeneza kulihitaji uangalifu zaidi ya nguvu. Waya wa kawaida wa gari ni mgumu, ungekatika tena haraka au kuizuia sahani isicheze. Alifungua kopo lake la mabaki, akatoa waya wa pasi ya zamani, ule uliofunikwa kwa kitambaa, wenye nyuzi nyingi nyembamba kama unywele. Alipunguza nyuzi, akasokota, akatia risasi kwenye ncha mbili tu, kwa sababu mahali risasi inapopanda waya unakuwa mgumu na hapo ndipo unapovunjika. Akauacha na mkunjo mdogo katikati, akasogeza sahani kwa kidole huku na huku akiangalia kama mkunjo unafunguka bila kukaza wala kugusa shafti. Alirudia hivyo mara nyingi kuliko subira yangu. Kisha akanyonya bomba, balbu ikabaki giza.

Tulitoka na gari kuelekea Mombo. Kijana aliendesha, mzee amekaa katikati na miguu pande mbili za gia, kichwa kimeinamia dashibodi. Barabara pale imenyooka na mashamba ya mkonge yanapita pande zote. Kijana alishika mwendo uleule wa kukanyaga kidogo ambao ulikuwa unamtesa, akangoja. Hakuna kilichotokea. Akakanyaga, akaachia, akakanyaga tena, kama mtu asiyeamini mguu wake. Mzee akamwambia asimalize petroli, warudi.

Nilidhani kazi imekwisha, lakini tuliporudi alifungua boneti tena. Kuna kitu alikiona mwanzoni, pale alipokuwa amesimama mikono mgongoni, na hakukisema: nyuso za pointi zilikuwa na rangi ya buluu. Zilikuwa zinaungua. Alichomoa waya za ile koili mpya na kuipima kwa mita: omu 1.5. Koili za aina hiyo zimetengenezwa kwa magari yenye rezista njiani ya kupunguza umeme, na gari hili halina. Ya omu 3 ingevuta ampea 4. Hii ilikuwa inavuta 8, na zote zinapita kwenye pointi.

"Ya zamani uliitupa?"

"Hapana, mzee, iko chini ya kiti."

Ikaletwa, imejaa vumbi na majani ya kabichi. Ilisoma omu 3.1. Akaifuta, akaifunga mahali pake, akaweka pointi nyingine na kupima mwanya kwa fila geji, akageuza distributa kidogo kidogo mpaka cheche ikaja kwa wakati wake. Ile mpya akamkabidhi kijana mkononi, akamwambia anaweza kuiuza, ila asimpe mtu kabla hajamwuliza kama gari lake lina rezista.